Matongotongo Asubuhi Madrasa

Bismillahi Rahmani Rahim.



Shida ya maji ya Gairo hakuna asiyeijua. Visima vingi vina chumvi, na maji matamu hununuliwa kwa dumu. Basi mtoto akija madrasa na matongotongo, nzi wamemkaa machoni, mtu hujibu upesi, "Maji yako wapi?" Jibu hilo mimi siliafiki, maana linatugharimu macho.

Jirani zetu wa Kongwa wameteseka sana kwa trakoma, yaani vikope. Vijidudu vyake huhamia kwa vidole, kwa nzi, na kwa upindo wa khanga ambao mama humfutia mtoto huyu kisha yule. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kope hufanya makovu kwa ndani. Miaka ikipita hujikunja, na nywele zake hukwangua jicho kila anapopepesa. Ndipo unamkuta bibi ameshika kibanio anang'oa kope zake mwenyewe. Na mara nyingi ni bibi, si babu, kwa kuwa wanawake ndio wanaokaa na watoto wadogo.

Je, uso unahitaji maji kiasi gani? Imepokewa kwa Anas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Huo ni udhu mzima! Na utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali.

Wapo waliokwisha kuishinda. Oman ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012, Kambodia, pamoja na umaskini na majeraha ya vita, mwaka 2017, na Malawi, jirani yetu, mwaka 2022. Hawakushinda kwa kunawa tu. Walimeza dawa, wakachimba vyoo, na wenye kope zilizojikunja wakapasuliwa. Upasuaji huo ni mfupi, mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Kwa hiyo dawa ikigawiwa tusikimbie kwa uvumi, na mama anayechomwa na kope apelekwe hospitali.

Lakini nisieleweke vibaya. Si haki kumhubiria usafi mama aliyebeba ndoo tangu alfajiri, huku baba amekaa kijiweni anangoja kuletewa maji ya kutawadhia. Maji ni kazi ya nyumba nzima, na wavulana wanayo mabega.

Kwa upande wetu walimu, napendekeza kibuyu chirizi mlangoni, kila mtoto anawe uso kabla ya kufungua juzuu. Dumu ninalo tayari. Inatakiwa kamba, na kijana wa kulijaza kila asubuhi.

Wabillahi tawfiq.