Je, Riziki na Hatari Ni Ndugu?

Mwezi huu tunataka tuketi pamoja juu ya neno moja tu. Siku hizi limezoeleka sana midomoni mwetu. Mama akitaka kukopa ili afungue genge, jirani humwambia, "Shoga, hapo utakuwa unariski." Kijana akitaka kuacha kazi ya mshahara akajaribu biashara, wazazi humwonya asiriski. Neno lenyewe ni la Kiingereza, risk, nasi tumelipokea bila kuliuliza limetoka wapi. Tukiliuliza, litatufundisha jambo ambalo kila nyumba inalihitaji.

Waingereza walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 17, na Wafaransa walilipata kwa Waitaliano. Huko Italia limeonekana katika mikataba ya wafanyabiashara wa bandari ya Genoa tangu karne ya 12, likiandikwa kwa Kilatini resicum. Kabla ya hapo wataalamu wa lugha hawapatani. Wako wasemao kwamba mzizi wake ni neno la Kilatini la kukata, kwa maana ya mwamba unaopasua merikebu. Wengine husema ni neno la Kigiriki la mzizi, yaani mzizi wa jabali lililojificha majini. Na wako wasemao kwamba Waitaliano walilipata kwa Waarabu waliofanya nao biashara, kutoka neno rizq. Hilo hatuhitaji kutafsiriwa. Ndilo neno letu riziki.

Sisi hatuwezi kuamua ugomvi wa wataalamu. Lakini mtu wa Unguja hatashangaa akisikia kwamba mwamba na riziki vinagombea kuwa chanzo cha neno moja, kwa maana vyote viwili hukutana baharini. Wahenga walikwisha kusema: Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Na neno ajali, kwa asili yake ya Kiarabu, si gari kupinduka. Ni siku ya mtu iliyowekwa, siku ya kufa kwake.

Tazameni na maneno mengine ya jamaa hiyo. Hatari ni la Kiarabu, na huko kwao lina maana pia ya kitu kinachowekwa na watu wanaoshindana, kikachukuliwa na mshindi. Bahati asili yake ni Kiajemi. Bima nalo lilipitia Bara Hindi, na mzizi wake ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Maneno hayo yalisafiri kwa njia ya bahari, kama yalivyosafiri majahazi ya kaskazi na kusi yaliyoleta tende na vitambaa kwenye forodha ya Mji Mkongwe, pale panapoitwa Forodhani hata leo.

Sasa, ile mikataba ya Genoa ilikuwa na kazi gani? Mwenye fedha alimkopesha mfanyabiashara anayesafiri. Chombo kikirudi salama, alilipwa mkopo wake pamoja na faida kubwa. Chombo kikizama, hakudai kitu. Neno lile liliandikwa ili ijulikane mapema, kabla ya tanga kupandishwa, ni nani atakayebeba hasara. Hapo ndipo penye funzo. Tangu mwanzo neno hili halikuhusu ujasiri peke yake. Lilihusu mapatano. Hatari ilitajwa kwa jina, ikapimwa, ikakubaliwa na yule atakayeibeba.

Historia ya Zanzibar inatuonyesha mambo yanavyokuwa mapatano hayo yasipokuwapo. Katika karne ya 19 matajiri wa Kihindi wa hapa mjini, kama Tharia Topan, waliwakopesha mali viongozi wa misafara ya bara, akiwamo Tippu Tip. Matajiri hao walijua wanachokihatarisha. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote iliwaangukia wapagazi, na zaidi sana watumwa, ambao hakuna aliyewauliza. Wengi wao waliishia katika soko la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, mahali ambapo leo limesimama kanisa kuu la Anglikana.

Na si mambo ya kale tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mamia ya watu walipoteza maisha, wengi wao akina mama na watoto. Abiria yule aliyelipa nauli yake hakuketi na mtu kupima uzito wa chombo. Wengine walimpimia, na hasara ikawa yake. Hatari ya namna hiyo hatuwezi kuiita riski. Jina lake ni dhuluma.

Lakini msidhani kwamba tunasema mama akae kitako na kuogopa kila kitu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ni kweli, lakini riziki nayo haimfuati mtu kitandani. Hata katika Injili, yule mtumishi aliyeichimbia ardhini talanta ya bwana wake hakusifiwa kwa uangalifu wake.

Tuwatazame akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza huko Paje na Jambiani, na tangu hapo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, huteremka na kamba zao na vijiti vyao. Kazi hii iliwapa fedha zilizo mikononi mwao wenyewe, wakanunua sare za shule na kuezeka nyumba. Baadaye bahari ikazidi joto, na ule mwani wenye bei nzuri zaidi ukaanza kufa katika maji mafupi. Dawa mojawapo ilikuwa kuuhamishia kwenye maji marefu, na wengi wa akina mama hao hawajui kuogelea.

Wamefanyaje? Wako walioacha. Wako waliobaki na mwani wa bei ndogo, lakini badala ya kuuza ule mkavu peke yake, wakaanza kutengeneza sabuni za mwani, kama huko Paje na Kidoti. Na Jambiani wako wanaokuza sifongo baharini, ambao walifundishwa kwanza kuogelea. Huko ndiko kupima hatari. Bahari haikupungua kina. Wao ndio waliojiandaa.

Funzo jingine limo katika mashamba ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Aliyekuwa na mikarafuu ya Unguja peke yake aliamka asubuhi hana kitu. Mayai yote katika tenga moja, tenga likianguka, hakuna la kukaanga.

Basi dada zetu, mnapotaka kuingia katika jambo, iwe ni mkopo wa kikundi cha hisa, biashara ya vitenge au kusomesha mtoto kwa kuuza kiwanja, tunawashauri mjiulize maswali manne.

Kwanza, likiharibika, nani atalipa? Kama ni watoto watakaotolewa shule, wao pia wamo katika mapatano, ingawa hawakuulizwa.

Pili, tunaweza kupoteza kiasi gani na bado jiko likawaka? Kiasi hicho ndicho cha kujaribia.

Tatu, tunaweza kujifunza nini kabla ya kuingia majini? Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nne, je, mwenzangu anajua? Hapa tunawaambia wake na waume. Mama anayekopa kwa siri na baba anayeweka nyumba rehani bila kumwambia mkewe wanatenda jambo moja. Wanampakia mwenzao katika chombo asichokiona.

Ikiwezekana, andikeni. Daftari la shule linatosha: tumekopa kiasi hiki, tutalipa hivi, ikishindikana tutauza kitu hiki wala si kile. Wengine wataona ni kutoaminiana. Sivyo. Wale wa Genoa waliandika ili waendelee kuwa marafiki hata chombo kikizama, na ndoa inastahili uangalifu usiopungua huo.

Riziki na hatari, basi, zikiwa ndugu au majirani tu, huingia nyumbani kwa mlango mmoja. Mlango huo tusiufunge. Tuufungue mchana, mume na mke wote wawili wakiwa macho.