WATOTO WA KAMBI NI WATOTO WA PANGI

Ndugu zetu wa migodi na wa mji,

Kuna neno moja linalowafungia vijana wetu njia. Neno hilo ni "mgeni".

Mwaka 1932 kampani ya Symetain ilianzishwa, na Kalima ikawa mji wa bati. Watu wakaletwa kutoka mbali, wakawekwa kambini, wakachimba. Bati lilikwenda Ulaya. Wao walibaki, wakazaa, wakazikwa hapa. Mwaka 1976 Symetain na kampani nyingine ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, na katika miaka ya 1990 SOMINKI ikafa. Kampani ilikwenda. Watu wa kambi hawakwenda. Waende wapi?

Leo wajukuu wao ni vijana. Mwenyeji asiye na kazi anaweza kurudi kwenye shamba la ukoo. Kijana wa kambi hana ukoo wa kumgawia shamba. Shule ya msingi ya Leta hailipwi tangu mwaka 2019, lakini sekondari inataka franka. Basi anashuka shimoni. Anakopa chakula na sururu kwa mnunuzi, halafu anamwuzia mawe kwa bei ya mnunuzi. Deni haliishi.

Je, milango yote imefungwa? Hapana! Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa mtu haki ya kukaa popote nchini. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe Mkongomani mtu mzima, mwenye kadi, na ndani ya koperativa iliyokubaliwa. Haiulizi babu yake alitoka kijiji gani.

Basi sisi tunasema: Vijana, chukueni kadi kwa majina yenu wenyewe, ingieni koperativa, dai hesabu zisomwe mbele ya wote. Wakubwa wa koperativa, msimpime mtu kwa kabila. Mafundi seremala, wa chuma na wa umeme, pokeeni mwanafunzi mmoja wa kambi.

Wenyeji wanaogopa kunyang'anywa udongo. Hofu hiyo si ya bure, kwa maana kampani ilichimba bila kuwauliza wazee. Lakini aliyechukua si kijana wa kambi. Babu yake alichimba kwa mshahara mdogo kama babu yenu.

Ndugu, wachimbaji wakigawanyika, mnunuzi peke yake hupanga bei. Wakiwa kitu kimoja, atakaa chini azungumze nao.