Kompyuta na Mpini wa Jembe

Mkulima wa Kimilili aendapo dukani kutafuta jembe, aghalabu hununua chuma peke yake. Mpini huukata mwenyewe, akauchonga, akautia na kuukaza kwa kabari mpaka jembe likamtii mkononi. Hakukifua chuma kile, wala hajui mgodi kilikochimbwa. Lakini siku mpini utakapovunjika katikati ya palizi, hatapanda gari kwenda Nairobi kumtafuta aliyemwuzia. Atakata mwingine, na kabla jua halijawa kali atakuwa amerudi shambani. Jembe lile ni lake kwa njia mbili: kwa fedha aliyolipa, na kwa ujuzi alio nao.

Je, kompyuta za shule zetu ni zetu kwa njia ngapi? Mimi nasema ni kwa njia moja tu, nayo ni ile iliyo dhaifu.

Katika shule za sekondari za sehemu hii, toka Kamusinga hadi Chesamisi, hufika siku ambapo fedha ya kompyuta hupatikana. Hapo lingepasa kuulizwa swali moja: tununue mashine zilizokwisha kuundwa, au tununue sehemu zake, wanafunzi waziunge chini ya macho ya mwalimu? Aghalabu shauri hukatwa kabla swali halijatamkwa, na mashine zilizo tayari huagizwa. Shule iamuayo hivyo kwa mashine zake zote hununua chombo, na elimu huiacha dukani.

Wanaoshikilia kununua wana hoja zao, na ni haki tuzipime. Hoja ya kwanza ni bei. Hii ina ukweli, na mwenye kushindana kwa haki hukubali ukweli hata ukitoka kinywani mwa mpinzani. Kompyuta zilizotumika katika ofisi za Ulaya, zikasafishwa na kuletwa Kenya, huuzwa kwa bei ambayo sehemu mpya haziwezi kuifikia. Basi anayetuambia tuunde ili tuokoe fedha hatuambii kweli. Lakini gharama ya chombo haishi siku ya kununuliwa. Nchi hii iliyo chini ya Mlima Elgon ni nchi ya mvua kubwa na radi. Umeme urukapo, sehemu ya kompyuta inayokufa kwanza mara nyingi ni kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuzigawia sehemu nyingine. Kisanduku hicho hakifunguliwi, maana huweza kubaki na umeme wa kuua hata kikiisha kuchomolewa, lakini hubadilishwa. Katika kompyuta iliyoungwa kwa kipimo cha kawaida kiitwacho ATX, kilichotolewa mwaka 1995, kimeshikwa na skrubu nne tu, na mwanafunzi mwenye bisibisi hutia kingine kabla kengele ya kipindi haijalia. Katika kompyuta nyingi ndogo za kiwandani, kina umbo lake na plagi zake za pekee, nacho hupatikana kwa shida. Na katika kompyuta nyingi za mkononi za siku hizi hata kumbukumbu imelehemiwa juu ya bodi, haiongezwi wala haibadilishwi. Hapo ndipo rahisi hugeuka ghali.

Hoja ya pili ni dhamana. Dhamana ni kitu chema kwa aliye karibu na mwenye kuitoa. Kutoka Kimilili hadi Nairobi ni safari ya karibu kilomita 400, na mashine haiendi kwa miguu yake. Tena dhamana ina mwisho. Ikiisha ndipo mashine huanza kuugua, nayo haina tena mlezi.

Hoja ya tatu husemwa kwa dharau: kuunga sehemu zilizotoka Taiwan na China si kuunda, ni mchezo wa watoto. Nami nauliza, je, mkulima aliyetia mpini acheke kazi yake kwa sababu hakukifua chuma? Hebu tutazame nchi zinazotuuzia mashine hizi zilianzaje. Mnamo Januari 1975, Marekani, ilitangazwa kompyuta iliyoitwa Altair 8800, ikauzwa kama furushi la sehemu za kuungwa na mnunuzi mwenyewe. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliiandikia programu, wakaanzisha kampuni ya Microsoft mwaka huohuo. Mwaka 1976 kompyuta ya kwanza ya Apple, aliyoibuni Steve Wozniak, iliuzwa ikiwa bodi tu. Kasha, kibodi na cha kuipa umeme, mnunuzi alijitafutia. Huo ndio mchezo unaodharauliwa. Waliocheza ndio wauzaji, na waliokuwa wakitazama ndio wanunuzi.

Hoja ya nne ni ya kutukatisha tamaa. Hukumbushwa gari la Nyayo, ambalo Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiliunde mwaka 1986, likaonyeshwa hadharani mwaka 1990, lisifike sokoni kamwe. Husemwa, “Mmeona mwisho wa kujitia kuunda?” Naam, tumeona. Lakini kubuni gari zima ni kufua chuma. Kuunga kompyuta ni kutia mpini. Aliyeshindwa la kwanza hakukatazwa la pili, na yamkini lingeanza la pili, la kwanza lingekuwa jepesi zaidi.

Wala njia ya kupokea vilivyo tayari haikosi aibu zake. Mwaka 2013 serikali iliahidi kompyuta za mkononi kwa watoto wa darasa la kwanza, na tangu mwaka 2016 vishikwambi viligawanywa katika shule za msingi. Vilifika, lakini katika shule nyingine vilifungiwa kabatini. Akabidhiwaye asichokijua hukiogopa, na chombo kinachoogopwa huhifadhiwa badala ya kutumiwa.

Sisemi kila mashine iundwe shuleni. Ya karani wa karo na inunuliwe, kwani stakabadhi hazingoji somo. Nisemalo ni kuwa katika kila mashine kumi, moja na iundwe kwa mikono ya wanafunzi. Kwa hiyo moja watajifunza yale ambayo picha ya kitabuni haiwezi kuwafunza: kwamba prosesa ina tundu lake, nayo haikubali jingine; kwamba kumbukumbu ya DDR4 haiingii penye nafasi ya DDR5, hata ikisukumwa kwa nguvu; kwamba mwenye kushika bodi hugusa kwanza chuma cha kasha, ili umeme wa mwilini usiiue. Na mashine ikikataa kuwaka, watatafuta sababu moja baada ya nyingine mpaka kosa lijulikane. Huko ndiko kufikiri, nako hakuuzwi katika duka lolote la Bungoma wala la Kitale.

Enyi vijana wa shule, msitosheke kuwa watu wa kubonyeza. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, nao hawakusema vimeundwa na wengine milele. Kabla ya kuwaomba walimu wenu mashine nyingine, waombeni bisibisi.