Ziwa Kivu: ghuba za maji mafupi zinavutia, lakini si zote za kuogelea

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, wakati waasi wa M23 walipoingia mjini, watalii wa kigeni wamekuwa adimu kwenye visiwa vya Ziwa Kivu. Lakini ziwa halikubaki bila watu. Vijana wa Himbi na Keshero wanaendelea kuoga, watoto wanachota maji, na wavuvi wanatoka na mitumbwi kila jioni. Hao ndio wanaotumia ghuba za maji mafupi siku zote, na ndio wa kwanza wanaohitaji kujua ni ghuba ipi iko salama na ipi inaweza kuua.

Ghuba hizo zina historia yake. Zamani maji ya eneo hili yalikuwa yanatiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, maji yakapanda na kufunika mabonde. Ndiyo maana pwani ya magharibi, upande wa Kalehe, pamoja na kisiwa cha Idjwi, zimejaa hori ndefu na visiwa vidogo: vilima vya zamani vilibaki juu, mabonde yakageuka ghuba. Upande wa Goma mambo ni tofauti. Huko pwani imetengenezwa na moto, na mawe yake meusi ni lava iliyopoa.

Kisiwa cha Tchegera, kilicho ndani ya Hifadhi ya Virunga, ni mfano mzuri wa pwani hiyo ya moto. Ni ukingo uliobaki wa kreta ya zamani, wenye umbo la mwezi mwandamo, na katikati yake kuna ghuba iliyokingwa na mawimbi. Wakati wa amani hifadhi iliweka kambi ya mahema huko. Wageni walikuwa wakiogelea, wakipiga kasia, na usiku wakitazama mwanga mwekundu wa Nyiragongo.

Anayevaa miwani ya kuogelea na bomba la kupumulia asitegemee kukuta matumbawe kama ya Zanzibar. Kivu ni ziwa maskini kwa aina za samaki. Lina aina zisizofika hata 40, wakati Ziwa Tanganyika, kwa wakaaji wa Uvira na Kalemie, lina mamia, na nyingi kati yake hazipatikani mahali pengine duniani. Hata sambaza, anayelisha familia nyingi za Goma, alitolewa Tanganyika na kuletwa Kivu mwaka 1959. Kinachoonekana chini ya maji hapa ni mawe ya lava, mwani, na vikundi vya samaki wadogo wanaotafuta hifadhi karibu na pwani. Pia hakuna mamba wala kiboko, jambo ambalo maziwa mengi ya Afrika hayawezi kujivunia.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni gesi, na hapa wengi wanachanganya mambo mawili. Gesi nyingi ya Kivu, takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani, imefungwa chini sana, katika ziwa lenye kina cha hadi mita 485. Mtu anayeogelea kwenye mita tatu za maji haigusi. Inaogopwa kwa sababu nyingine: kama volkano ingeitikisa kwa nguvu, ingeweza kutoka kwa wingi, kama ilivyotokea katika Ziwa Nyos, Kamerun, Agosti 1986, ambapo watu zaidi ya 1,700 walikufa. Hofu hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuhamisha wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za Goma tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka.

Ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, ni jambo la peke yake. Imeunganishwa na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba, na maji yake yenye kaboni dioksidi nyingi yanaanza kwenye mita 11 hivi. Utulivu wake unavutia macho, lakini si mahali pa kwenda kujaribu kuzamia.

Gesi inayoua watu kila mara, tena kimya kimya, ni mazuku. Hiyo inatoka ardhini, hasa kati ya Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Mbuzi huanguka kabla ya mwenye mbuzi, kwa sababu pua yake iko chini. Mwogeleaji yuko chini kuliko mbuzi. Bomba la kupumulia linavuta hewa sentimita chache tu juu ya maji, na pale ambapo mazuku iko kando ya ziwa, gesi haisimami kwenye ufuko. Kihori kilichofungwa na mawe, bila upepo, saa kumi na mbili asubuhi, ndipo mahali pabaya kuliko pote, hata kama maji yanaonekana kama kioo.

Hatari ya pili ni kina. Pwani ya lava inadanganya: hatua chache maji yako kifuani, hatua inayofuata hakuna chini. Ajali ya MV Merdi, iliyozama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku ikitokea Minova, ilionyesha jinsi watu wanavyokufa hata pwani ikiwa inaonekana kwa macho, kama chombo kimejazwa kupita kiasi.

Hatari ya tatu ni ugonjwa. Wengi wanasema Kivu haina kichocho. Wataalamu wamekikuta kwenye kisiwa cha Nkombo, upande wa Rwanda. Konokono wanaokisambaza wanapenda maji tulivu yenye majani, yaani ghuba zile zile za maji mafupi. Na kwenye fuo za mjini, ambako uchafu unaishia ziwani, kipindupindu si habari mpya.

Utajiri wa juu juu

Serikali zimeangalia zaidi kilicho chini kabisa. Rwanda ilizindua mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 mwaka 2016. Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi Julai 2022, na kimoja kilipewa jina la Idjwi. Mita kumi za juu, ambazo wakaaji wanaoga, wanavua na kunywa, hazikupata hamu ya namna hiyo.

Chumbe, kisiwa kidogo cha Zanzibar, kinaonyesha njia nyingine. Matumbawe yake yalilindwa kisheria mwaka 1994, na walinzi walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Mgeni haendi anapotaka, anaongozwa na mtu anayejua maji hayo. Ada yake inalipa ulinzi, na samaki wanazaliana bila nyavu.

Kivu haihitaji kusubiri watalii ili kuanza hivyo. Wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma wanajua mazuku ziko wapi, na baadhi ya mashimo ya nchi kavu yamewekewa mabango ya fuvu la kichwa. Ujuzi huo unatakiwa ufike majini: alama kwenye vihori vya hatari, saa za kuoga zinazofundishwa shuleni, na wavuvi wa Nzulo na Idjwi kupewa kazi ya kuongoza, kwa sababu ndio wanaojua upepo unageuka saa ngapi. Ghuba ambazo samaki wadogo wanakulia zingefungwa pia kwa nyavu za vyandarua.

Utawala wowote utakaokaa Goma utakuta ziwa pale pale. Watalii wakirudi, watauliza kwanza kama maji ni salama. Watoto wa Keshero hawaulizi, wanaingia tu.