Maharagi ya Masisi, posho ya Rwamwanja: nani anakula kwa bei nafuu?

Simu nyingi kati ya Uganda na Masisi ao Walikale zinafika mahali pamoja: chakula. Aliye nyumbani anasema: "Ninyi huko muko mnakula, PAM inawasaidia." Aliye kambini anajibu: "Ninyi muko na mashamba, sisi hata kitunguu tunanunua." Kisha mabishano yanaanza: nani amutumie mwenzake feza? Nyuma yake kuko swali kubwa zaidi: kurudi ao kubakia?

Watu wengi wanajibu kwa kulinganisha bei. Wanachukua bei ya maharagi ya huku, wanaigeuza kuwa dola, wanaiweka kando ya bei ya kule. Hesabu ile peke yake inadanganya.

Siku ngapi za kazi kwa kilo moja?

Chukua mfano, wa kuelewa tu, si bei ya soko la leo. Nyumbani kilo ya maharagi ni franka 2 500, na kulima shamba la mutu siku nzima inalipa franka 2 500. Uganda kilo ni shilingi 4 000, na kibarua, ile wanaita leja-leja, inalipa shilingi 6 000 kwa siku. Mwanzoni mwa mwaka 2025 dola moja ilikuwa karibu franka 2 800 huku, na zaidi kidogo ya shilingi 3 600 kule. Kwa dola, basi, maharagi ya Uganda ni ghali: yanapita dola 1, ya nyumbani hayafiki.

Lakini kwa jasho, mambo yanageuka. Nyumbani siku moja inaleta kilo 1. Uganda siku moja inaleta kilo 1 na nusu.

Hata hapo hesabu haijaisha. Kama leja-leja inapatikana siku 2 tu kwa juma, yule wa Uganda anapata kilo 3. Kama yule wa nyumbani anapata kazi siku 4, anafikisha kilo 4. Njo maana swali la kwanza si "bei ni ngapi?" ila "siku ngapi za kazi unapata?"

Vipimo pia vinachanganya watu. Sokoni kwetu maharagi yanapimwa kwa murongo, na murongo wa soko moja unaweza kuwa mukubwa kuliko wa soko lingine. Kulinganisha murongo na kilo bila kupima ni kubahatisha.

Uganda: shamba dogo, msaada unaopunguka

Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu mukimbizi kufanya kazi, na wengi katika kambi wanapewa kipande cha udongo. Ni kama ile methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambi ya Rwamwanja, iliyofunguliwa tena mwaka 2012, ilipokea watu wengi kutoka Kivu ya Kaskazini. Leo Wakongomani walio wakimbizi Uganda wanapita laki 5.

Lakini udongo hauongezeki na watu wanaongezeka. Msaada nao umepunguka. Tangia Julai 2023, PAM iligawa wakimbizi katika vikundi vitatu: wa kwanza asilimia 60 ya posho kamili, wa pili asilimia 30, wa tatu bila kitu. Mwaka 2025, feza za wafadhili zilipopunguka, karibu watu milioni moja waliondolewa kwenye msaada huo. Kwa hiyo "PAM inawasaidia" si kweli tena kwa kila jamaa.

Nyumbani: chakula kiko, njia hakuna

Masisi ni nchi ya maharagi, viazi, mahindi na maziwa. Lakini chakula kuwa shambani si sawa na kuwa kwenye sahani. Februari 2025, kambi za wahami kando ya Goma zilivunjwa, na wengi walirudi vijijini bila mbegu na bila jembe. Mwenye shamba lisilovunwa ananunua kama mukimbizi. Na kila barieri njiani inaongeza kitu kwenye bei: mukulima anauza kwa bei ya chini, munywaji wa chai anununua sukari kwa bei ya juu.

Walikale ni hadithi nyingine. Muhogo, ndizi na mafuta ya ngazi vinatoka pale pale. Chumvi, sukari, sabuni na muchele vinatoka mbali, kwa pikipiki ao ndege ndogo, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Feza ya migodi nayo inapandisha bei: anayelipwa na kasiterite ya Bisie anaweza kununua, mwalimu na mukulima wanamuangalia tu. Machi 2025, vita ilipokaribia Walikale-centre, mgodi ule ukasimama mpaka Aprili.

Feza inayotumwa nayo inapunguka

Banki za Goma zilifungwa Januari 2025. Feza inapita kwenye simu, na anayetoa analipa kamisio. Kisha franka ikapanda: mwishoni mwa 2025 dola ilikuwa chini ya franka 2 500 kwa kiwango cha Banki kuu. Kwa 2 800, dola 50 zinatoa franka 140 000. Kwa 2 400 zinatoa 120 000. Aliyetuma hakupunguza kitu, aliyepokea amepata kidogo. Kama bei za sokoni hazikushuka vilevile, jamaa imepoteza chakula cha siku kadhaa bila mutu kuiba.

Kabla ya kukata shauri

Kwa jamaa iliyogawanyika, maswali manne yanafaa kuliko mabishano. Siku ngapi za kazi kwa juma? Shamba liko, na linafikika bila hatari? Msaada bado unakuja, na ni kiasi gani? Kilo moja, si murongo, ni siku ngapi za kulima?

Majibu yatabadilika toka jamaa hadi jamaa. Kuko atakayeona kwamba kurudi Masisi bila mbegu ni kurudia njaa. Kuko mwingine, aliyeondolewa kwenye msaada na asiye na udongo Rwamwanja, atakayeona kwamba yeye njo wa kusaidiwa, hata kama anaishi ngambo.