MWANDISHI ALIYEKUWA MSULUHISHI ASIBEZWE

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu waandishi wa habari wanaoacha kazi hiyo na kwenda kusuluhisha migogoro makazini. Wapo watu wanaowabeza kwamba kalamu imewashinda. Mimi naona hawakupotea njia.

Mwandishi mzuri amezoea kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuandika. Anajua kuuliza, na anajua kupima maneno ya mkubwa na ya mdogo kwa mizani ile ile. Msuluhishi naye anahitaji hayo hayo.

Lakini lipo jambo moja ambalo hana budi kuliacha mlangoni, nalo ni hamu ya kutangaza. Kanuni za mwaka 2007 za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinataka yanayosemwa katika usuluhishi yabaki siri. Meneja hatakiri kwamba alimfukuza mtu kwa hasira ikiwa anaogopa kuyasoma gazetini kesho yake. Wala kibarua hatasema ni kiasi gani yuko tayari kupokea.

Vile vile ni lazima ajifunze sheria. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, usuluhishi umepewa siku 30, isipokuwa pande zote mbili zikikubaliana kuongeza. Aliyeachishwa kazi naye anatakiwa apeleke malalamiko yake kwenye Tume ndani ya siku 30. Kijijini kwetu, jirani na mashamba ya mkonge, wazazi wa wanafunzi wangu huniletea barua za kuachishwa kazi niwasomee. Wengine huja mwezi wa tatu, wamekwisha kuzungushwa kwa "njoo kesho". Aliyechelewa anaweza kuomba kusikilizwa, lakini ni lazima atoe sababu za kuridhisha. Je, ni nani awaeleze wananchi hawa mapema, kwa lugha nyepesi, kama si mtu aliyezoea kuwaandikia?

Kwa hiyo nawaomba wahusika wawafundishe sheria waandishi wenye moyo wa kazi hii, kisha wawatume mashambani na viwandani, wasikae mijini tu. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao, lakini anatakiwa mtu wa kuwakalisha pamoja kabla siku hazijapita.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Korogwe, Tanga.