Kau itafute jina la maembe yake kabla chumvi haijayamaliza

WAKULIMA wa Kau, kijiji kilicho kando ya mto karibu na Kipini, Kaunti ya Tana River, huuza maembe kama wenzao wengi wa Pwani. Msimu ukifika, dalali huja na bei yake mkononi, naye mkulima, akihofia matunda kuoza, hukubali. Yakifika Mombasa, maembe hayo hayana jina la yalikotoka.

Mkulima wa Champagne, nchini Ufaransa, aliwahi kuwa katika hali kama hiyo. Leo kijiji kidogo cha Le Mesnil-sur-Oger kinasifika duniani kwa mvinyo wenye povu utokanao na zabibu nyeupe aina ya Chardonnay. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, baadhi ya wafanyabiashara waliingiza zabibu rahisi kutoka kwingineko na kuuza mvinyo kwa jina la Champagne. Mwaka 1911 wakulima walighadhibika, wakavamia maghala na kuyateketeza, hata jeshi likaitwa. Sheria ya mwaka 1927 iliweka wazi mipaka ya eneo lenye haki ya jina hilo. Mwaka 1941 ikaundwa kamati iliyowaleta wakulima na wafanyabiashara meza moja. Vyama vya ushirika navyo viliwawezesha wakulima kukamua zabibu zao wenyewe.

Kau ina Waislamu wengi, na hakuna haja ya kuwahimiza kutengeneza mvinyo. Maembe yanaweza kukaushwa, kukamuliwa sharubati au kufanywa achari. Sheria ya Kenya ya Alama za Biashara inaruhusu jina la mahali kusajiliwa kuwa alama ya pamoja ya wazalishaji, njia iliyofuatwa na wasusi wa vikapu wa Taita. Ushirika wa Kau, Ozi na Kipini ungeweza kufanya vivyo hivyo, na dalali angelazimika kuzungumza na watu wengi kwa pamoja.

Hata hivyo, jina halitafaa kitu miti ikifa. Maji ya bahari yamekuwa yakipanda mtoni na kuingia mashambani, na miembe, minazi na migomba imekauka. Maji baridi yanayoteremka yakipungua, chumvi hupata nafasi. Huko juu mto Tana umezibwa kwa mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na mipango ya kuyatumia maji yake zaidi haijakoma.

Kwa hiyo serikali ya kaunti ina kazi mbili zisizotengana: kuwasaidia wakulima kuungana na kusindika mazao yao, na kudai Nairobi ihakikishe kiasi maalumu cha maji kinafika mdomoni mwa mto kila msimu. Ikifanya ya kwanza na kuiacha ya pili, itasajili jina la maembe ambayo hayapo tena.